Saa ya Ndege, Saa ya Maji

Mwongozaji wa ndege anayeijua Watamu, ukimwambia unataka kutoka naye siku nzima, hatakuuliza kwanza unapenda kuona ndege gani. Atatazama jedwali la maji. Katika pwani hii ya Kilifi, siku za bamvua maji hukauka kiasi cha saa nne asubuhi, yakajaa kiasi cha saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hupinduka, na mgeni aliyepanga safari kwa kufuata likizo ya ofisini huweza kufika hori la Mida jioni akaambulia vitone tu, mbali kule, juu ya tope lisilokanyagika. Jedwali likishasomwa, siku hujipanga yenyewe: alfajiri msituni, mchana baharini nje ya mwamba, alasiri Mida maji yanapopanda.

Kazi hii husifiwa kwa macho makali. Lakini macho makali ni mengi ufukweni. Kila kijana anayevua pweza anayo. Kinachonifanya niwaheshimu waongozaji hawa ni jinsi walivyoujua wakati: saa ya jua kuanza kuchoma, saa ya upepo kugeuka, saa ambayo maji yatawasukuma ndege kutoka kila upande mpaka mahali pamoja ambapo mtu ameketi kimya akiwangoja. Wengi wetu huwafuata ndege. Wao hutangulia, wakakaa njiani.

Siku ninayoieleza ilikuwa ya mwezi wa Oktoba, kusi imekwisha nguvu na kaskazi haijaanza, bahari imelala. Mwongozaji alikuwa Mgiriama wa makamo, mwenyeji wa kijiji kinachopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ndege aliwajua utotoni kwa manati na ulimbo, kama watoto wengi wa huko. Baadaye akafunzwa majina yao ya kitaalamu, na manati akaiweka chini kabisa.

Gari lilisimama kabla ya kupambazuka. Alizima injini, akashuka, akauacha mlango wazi. Mlango wa gari ukibamizwa, alinong'ona, msitu hunyamaza kwa robo saa, na robo saa ya alfajiri hairudishiki.

Msitu huu una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake, misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ukiingia kwa upande wa Gede unakutana kwanza na msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Ukisonga ndani, ardhi inageuka mchanga mweupe na mirihi inaanza, mirefu, iliyoachana, jua likipenya hadi chini. Mbele zaidi, magharibi, udongo ni mwekundu, na miti ya Cynometra imebanana na kutatizwa na mitambaazi kiasi kwamba mtu mzima hupita kwa kuinama. Kila udongo una ndege wake. Mfunge kitambaa machoni mtu wa kazi hii, mzungushe humo ndani unavyotaka, na akishuka garini atakwambia amesimama juu ya udongo upi.

Maana alfajiri macho hayana kazi. Kulikuwa na giza bado, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, mdomo wazi nusu, akipokea. Kisha akaanza kutaja, polepole, akielekeza kwa kidevu badala ya mkono, kwa sababu mkono ukiinuliwa ndege huuona kabla ya mgeni kuona ndege. Hondohondo wawili mbali, upande wa Gede. Kororo wanaamka chini kwenye vichaka. Halafu jamii ya shorewanda wa msituni, wale wa kijani kilichofifia ambao kitabuni hufanana mpaka unakata tamaa: huyu, yule, na wa tatu nyuma yetu. Mimi nilisikia kelele moja nzuri. Yeye alisikia kikao, kila mwenye kusema akisema kwa zamu yake, na alijua pia ni nani aliyekuwa hajasema bado.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Kumtambua anayelia ni ujuzi. Kugundua kwamba fulani hajalia, na saa yake imepita, ni ujuzi wa daraja jingine. Kuna ndege mdogo wa chini, kifua cha manjano iliyoiva, mgongo wa rangi ya zeituni, ambaye wataalamu humwita Sheppardia gunningi. Huimba kwa sauti nyororo, karibu ya kujisemea. Mwongozaji alikuwa akimngoja, na alipochelewa hakusema kitu, akahama hatua chache kwenda palipo na majani mengi yaliyooza, akachutama. Tulichutama naye. Jua lilipogusa vilele vya miti, ndege yule alitokea juu ya mzizi, karibu kuliko nilivyothubutu kutarajia, akatazama huku na huku, akadona mdudu, akaondoka.

Kwenye mirihi utaratibu hubadilika. Huko ndege husafiri kwa msafara. Aina nyingi huandamana juu ya miti, kila mmoja na riziki yake: huyu anapekua magome, huyu majani, huyu anadaka wadudu waliofurushwa na wenzake. Mramba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, huwa mlinzi. Akipiga ukelele wa hatari wote hutulia. Msafara ukipita juu yako una dakika chache tu, halafu msitu unabaki mtupu kwa saa nzima, na mgeni hushawishika kuukimbilia. Mwongozaji wetu alifanya kinyume. Alisikiliza unakoelekea, akatupitisha kwa njia ya gari tukazunguka mbele yake, akatusimamisha chini ya mrihi uliokuwa umechanua.

"Watapita hapa," alisema. "Tuwape nafasi waje wenyewe."

Wakaja. Kwanza mramba. Kisha kundi la ndege weusi wenye pete nyekundu machoni na midomo mekundu, wakibishana. Kisha, juu kabisa kwenye maua, chozi wa Amani, mdogo mno, tumbo jeupe na kichwa cha kijani kinachometa; jina lake linatokana na Amani ya Usambara, kwa kuwa anaishi huko pia. Shingo iliniuma kwa kutazama juu. Chini, kati ya majani makavu, mwongozaji alikuwa ameshaona kitu kingine: jani lililosogea wakati hapakuwa na upepo. Lilikuwa si jani. Ni Anthus sokokensis, ndege anayetembea badala ya kurukaruka, mwenye michirizi kifuani iliyofanana na kivuli cha nyasi, na makao yake duniani ni mabaki machache ya misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania.

Sasa nimfikie bundi.

Mwaka 1965, katika msitu huu, alinaswa bundi mdogo ambaye hakuwa katika kitabu chochote. Mwaka uliofuata Dillon Ripley, aliyekuwa akiiongoza taasisi ya Smithsonian kule Marekani, alimtangaza kwa jina la Otus ireneae. Urefu wake haufiki shubiri. Miaka ya 1990 aligunduliwa pia chini ya milima ya Usambara Mashariki, upande wa Tanzania. Hapa Arabuko-Sokoke anapenda ule msitu wa udongo mwekundu, mahali penye vichaka vya kubana, na mchana hulala humo, mara nyingi wawili ubavu kwa ubavu, si juu sana kutoka ardhini.

Pwani yetu haina mazoea mema na bundi. Akitua juu ya paa na kulia, mtu hutafutwa wa kusoma dua, au wa kurusha jiwe. Mwongozaji alinieleza kwamba alipoanza kazi hii wazee wa nyumbani kwake walimwuliza kwa uchungu ni riziki gani hiyo ya kwenda kumtafuta mchana ndege ambaye watu humkimbia usiku. Hakubishana nao. Aliendelea, na watoto wake wakasoma.

Namna anavyompata yastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu mgeni huletwa mwishoni tu akadhani ni bahati. Kazi huanza usiku. Bundi hawa hulia kwa mfululizo wa miluzi mifupi iliyolingana, na katika msitu mkubwa kiasi hicho mlio wa saa nne za usiku haukusaidii kitu, kwani ndege yuko mawindoni. Unaofaa ni mlio wa mwisho, ule wa kabla ya mbingu kuanza kuwa kijivu, maana akilia hapo yuko karibu na atakapolala. Mwongozaji alikuwa ameusikiliza mlio huo alfajiri ya siku iliyotangulia, peke yake, akaweka alama akilini: mti gani, upande upi wa njia. Siku yetu aliingia tena kichakani peke yake, sisi tukabaki njiani. Humo alitafuta kinyesi cheupe juu ya majani ya chini, akalinganisha kibichi na kikavu, akainua macho pole pole kutoka hapo. Alikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na mchubuko mkononi na hakuwa na haraka.

Alitupeleka mmoja mmoja. Nilipita nikiinama nyuma yake, nikikanyaga alipokanyaga, mpaka akasimama na kuelekeza kwa kidevu. Sikuona kitu. Akanisogeza bega nusu hatua kushoto. Pale, juu kidogo ya usawa wa kichwa changu, walikuwa wawili, mmoja wa rangi ya kutu, mwenziwe wa kijivu, kwa maana ndege hawa hutofautiana rangi ilhali ni jamii moja. Wa kutu alifumbua jicho kidogo, la manjano, akalifumba. Ndani yangu kila kitu kilisimama. Dakika chache, kisha mwongozaji akanigusa kiwiko, nikarudi nyumanyuma kama nilivyokuja.

Hakuwasha sauti ya bundi kwenye simu, wala hakuruhusu mwanga wa kamera. Nataka kulisema hili wazi: wapo wanaompigia ndege sauti iliyorekodiwa ili ajitokeze haraka, na ndege hujitokeza kweli, kwa sababu anadhani mgeni amevamia makao yake. Anaacha kula, anaacha mwenzi, anaacha mayai, anakuja kupigana na simu. Picha inapatikana, na mtu anarudi hotelini amefurahi. Mwongozaji aliyetembea usiku mmoja zaidi ili asimlipishe ndege gharama hiyo anafanya kazi iliyo bora zaidi, hata kama mgeni hataijua tofauti.

Wakati wa kutoka, sange mwenye kiuno cha dhahabu alikata njia mbele ya gari, pua yake ndefu ikinusa majani. Chai tulinywa barabarani.

Saa nne maji yalikuwa makavu, kama jedwali lilivyosema, na boti ilikuwa ikitungoja mbali na ufuo. Tuliifuata kwa miguu, maji magotini. Nahodha alikuwa mzee aliyevua jodari maisha yake yote, kwa mshipi kwanza, kisha kwa mashine za watalii.

"Shikamoo, mzee," mwongozaji alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kuniangalia ndege wangu."

Alikuwa na haki ya kuwaita wake. Tangu tulipotoka kwenye mlango wa mwamba, mwongozaji aliketi kwenye ubao, akashika darubini, akanyamaza. Sikio lake lililotawala msitu mzima halikuwa na kazi hapa, upepo na injini vimefunika kila kitu. Aliingia katika uanafunzi bila aibu yoyote, na kumwona fundi akiacha ufundi wake mlangoni kwa hiari kulizidisha heshima niliyokuwa nayo kwake.

Mvuvi wa pwani amekuwa mtazamaji wa ndege siku zote. Ni vile tu hakuna aliyempa cheti. Nahodha alitufafanulia huku macho yake yakiwa kwenye upeo. Ndege akipita chini, moja kwa moja, bila kutazama maji, ana safari zake, usimfuate. Wakizunguka juu kwa juu, samaki wapo lakini wako kina kirefu. Wakianza kushuka na kuinuka mahali pamoja, dagaa wamesukumwa juu, na aliyewasukuma ni jodari au sehewa. Wakijitupa kama mvua, kaza injini. Hata aina ya ndege ina maana. Buabua, wale wembamba wenye mkia wa panda, hupiga mbizi fupi. Wale wa kahawia wenye paji jeupe huokota juu ya maji bila kulowa. Mvuvi anayejua nani anakula vipi anajua pia dagaa wako kina gani.

Tulipita karibu na Whale Island, kisiwa kidogo cha mwamba kwenye mlango wa Mida, ambako buabua hutaga miezi ya katikati ya mwaka. Wachache wa mwisho wa msimu walikuwa bado juu yake. Hapo mwongozaji alipata nafasi ya kulipa somo kwa somo. Kuna buabua wawili wa migongo ya giza ambao wavuvi huwahesabu kuwa ni mmoja. Wa kwanza mgongo wake ni wa kahawia ya kijivu, na mstari mweupe wa paji la uso hupita hadi nyuma ya jicho. Huyo ndiye anayetaga hapa. Wa pili ni mweusi hasa, na weupe wa paji huishia kwenye jicho. Huyu wa pili akishaondoka kwenye kisiwa alichozaliwa huweza kukaa miaka kadhaa baharini bila kukanyaga nchi kavu, akilala angani, kwa kuwa manyoya yake hayahimili maji. Nahodha alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu. Alisema alikuwa amejiuliza tangu ujana wake kwa nini wengine huwaona kisiwani na wengine kilindini tu.

Rangi ya maji ilibadilika, kutoka kijani hadi buluu nzito, na ukingo wa kina ukawa umepita chini yetu. Nahodha alizima injini, akaiacha boti ielee, akamwaga polepole mafuta na matumbo ya samaki. Kwa muda hapakuwa na kitu. Ndege wa kilindi hufuata harufu, jambo ambalo ndege wengi hawaliwezi, na harufu huhitaji muda kusafiri juu ya maji. Kungoja huku kulikuwa kama kule kwa msituni, ila sakafu ilikuwa ikipanda na kushuka.

"Tezi, upande wa joshi," nahodha alisema, bila kuinua sauti.

Alikuja chini kabisa, mweusi, kiuno cheupe, mdogo kiasi cha kutoaminika. Alinyoosha miguu, akagusa uso wa maji kwa vidole, akainuka, akagusa tena, mabawa yakiwa yameinuliwa, akiudokoa mkondo wa mafuta. Oceanites oceanicus. Uzito wake ni kiasi cha gramu 35. Makao yake ya kutaga ni Antaktika na visiwa vinavyoizunguka, na mwezi huu wenziwe wengi walikuwa tayari njiani kurejea huko. Niliitazama bahari ile, ambayo sisi juu ya boti ya tani kadhaa tuliiheshimu, kisha nikamtazama yeye akitembea juu yake. Hakuna aliyesema neno.

Baadaye walifika wakubwa zaidi wa kahawia wenye mkia mrefu uliochongoka, ambao hutaga mashimoni kwenye visiwa vya Ushelisheli, wakipita bila kupiga bawa: ubavu mmoja karibu uguse maji, wanainuka na upepo, wanageuka, wanashuka. Na mara moja tu, mbali upande wa omo, ndege mkubwa mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa na uso uliofunikwa kama kwa barakoa. Nahodha alimtambua kabla ya darubini zetu kutulia. Hawa hutaga Fungu la Kizimkazi, kisiwa kidogo kitupu kusini mashariki ya Unguja, na wavuvi wa Unguja huwajua vizuri. Jike hutaga mayai mawili, lakini kwa kawaida ni kinda mmoja tu anayekua.

Baharini ndege hatambuliwi kwa unyoya. Hakuna muda, na darubini inayumba. Anatambuliwa kwa mwendo: bawa limepinda wapi, anapiga mara ngapi kabla ya kuelea, akigeuka anageuka kwa bega au kwa mwili mzima. Ni elimu ya mtu anayemjua jirani yake kwa namna anavyotembea gizani. Mwongozaji aliniambia tulipokuwa tukirudi kwamba alichukua miaka mingi kuacha kutazama rangi.

Saa nane na nusu tulikuwa Mida, na maji yalikuwa nyuma yetu.

Hori la Mida ni kilomita za mraba zipatazo 32 za tope, mchanga na mikoko, sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa mwaka 1968. Maji yakipwa, ndege wa ufukweni huenea kote humo. Yakijaa, tope hupungua dakika kwa dakika, na wote hulazimika kurudi nyuma mbele ya maji, kundi juu ya kundi, mpaka kwenye fungu la mwisho la mchanga. Mtu anayejua fungu hilo liko wapi, na jua litakuwa upande gani, huketi hapo mapema. Tuliketi nyuma ya mikoko, si mbali na lile daraja la mbao linaloning'inia juu ya matope. Ada ya kulipita daraja hilo huingia katika mfuko wa karo wa ASSETS chini ya A Rocha Kenya, unaosomesha watoto wa vijiji vya jirani. Nimefurahi kila nilipoilipa.

Walianza kufika. Sululu, mmoja mmoja, na miito yao ya kushuka. Vitwitwi wa kila aina, mmojawapo mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, akikimbiza vidagaa vya tope huku na huku. Kisha wingi wa vitwitwi wadogo wenye mdomo uliopinda kuelekea chini, Calidris ferruginea, wanaozaliwa Siberia kwenye ncha ya kaskazini ya Urusi. Mwongozaji aliweka darubini ya miguu mitatu, akanionyesha tofauti: wale wenye manyoya yaliyochakaa, na mabaki ya wekundu tumboni, ni watu wazima, wale waliovaa manyoya mapya yenye pindo nyeupe, kila unyoya ukionekana peke yake, ni wa mwaka huu. Watu wazima huondoka Siberia kwanza. Watoto hubaki, hunenepa, kisha hufuata majuma kadhaa baadaye bila mzazi wa kuwaonyesha njia, na huvuka Asia na bahari mpaka kwenye tope hili. Kile kitoto kilichokuwa mbele yangu kilikuwa na umri wa miezi mitatu hivi.

Mwisho wakaja wale tuliokuwa tukiwangoja hasa. Mwongozaji aliwasikia, na sikio lake likarudi kazini. Ndege weupe na weusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kuliko unavyostahili mwili wao, walikuja kwa safu chini juu ya maji na kutua pamoja. Ni ndege mla kaa, Dromas ardeola, na hana ndugu wa karibu popote; yuko peke yake katika familia yake. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya joto kali, Umani na Ghuba, Bahari ya Shamu, Somalia. Huko huchimba mashimo mchangani, jike hutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kinda hukaa shimoni akiletewa kaa na wazazi. Kiangazi kikiisha hushuka kusini, kwa njia ileile iliyoleta majahazi ya Umani hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kinda aliyeshakua husafiri na mzazi, bado akiomba chakula. Tulimwona mmoja hivyo, wa kijivu, akimfuata mkubwa hatua kwa hatua na kulia, na mkubwa, baada ya muda, akampa mguu wa kaa.

Halafu ikaanza hesabu, sehemu ya kazi hii ambayo haina picha. Mwongozaji alihesabu kumi, akalitia jichoni umbo la kumi hilo, akalipima juu ya kundi, kumi, kumi, kumi, mpaka mwisho. Akaanza upya kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zilitofautiana. Akahesabu mara ya tatu, maji yakipanda na kundi likijibana. Kila mwezi wa Januari, hesabu kama hii hufanywa katika maziwa na hori za nchi nzima, Makumbusho ya Taifa na Nature Kenya wakiiratibu, na hivyo hujulikana kama ndege fulani wanapungua. Nyuma ya kila tarakimu katika hesabu hizo kuna mtu aliyekaa na mbu nyuma ya mikoko akihesabu mara ya tatu.

Usiku, mezani, walikaa wote wawili, mwongozaji na nahodha, na daftari. Orodha husomwa kwa sauti, na kila jina huulizwa: nani alimwona, vipi. Yatakayopita hupelekwa kwenye Kenya Bird Map, ramani inayojengwa na watazamaji wa kujitolea. Lilibaki jina moja. Wakati wa kurudi, upande wa demani, alipita ndege wa giza tupu. Nahodha aliona bawa jembamba na mruko wa juu, akamwelekeza kwenye jamii ile inayotaga miamba ya Sokotra. Mwongozaji aliona kwa nukta mbili tu, dhidi ya jua, na hakuweza kumtenganisha na wale wa Ushelisheli. Walizungumza kwa adabu, kila mmoja akieleza alichokiona bila kukipamba. Kisha mwongozaji akaandika: hakutambuliwa. Nahodha akakubali.

Niliuliza kama haikumuuma, ndege adimu kama huyo. Alijibu kwa kunisimulia mnana wa Clarke. Ndege huyo, mweusi juu na manjano chini, alitangazwa kwa wataalamu mwaka 1913, na hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa hapa Kilifi. Kila mwaka huonekana akipita juu ya mirihi ya Arabuko-Sokoke, kisha hutoweka. Kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyekiona kiota chake, na nafasi hiyo katika vitabu iliachwa wazi, kwa sababu walioandika hawakutaka kuijaza kwa kubahatisha. Mwaka 2013 viota vilipatikana Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, si juu ya mirihi walikokuwa wakitafutwa bali chini, kwenye ndago za kinamasi cha msimu, kimo cha mtu kuweza kuvigusa.

Dakatcha si hifadhi ya serikali. Miti yake hukatwa kwa makaa, na mashamba ya mananasi yameshaingia. Kinamasi chenyewe hujaa mvua ikinyesha vizuri tu, na mnana hutaga kinapojaa. Kwa hiyo masika yakianza, mwongozaji na wenziwe hupigiana simu, mmoja huchukua pikipiki, akavuka Sabaki kwenda kutazama kama maji yamezifikia ndago.